Maswali ya maumbo: chora kwanza, fomula baadaye

Kila mitihani ikikaribia naulizwa maswali yale yale na mengi wala hayahusu hesabu ngumu. "Nitajuaje hapa natumia fomula gani?" "Pythagoras najumlisha au natoa?" "Mbona jibu langu halipo kwenye machaguo?" Mzazi naye analalamika kwamba mtoto fomula zote anazo, ukimuuliza eneo la duara anakujibu kabla hujamaliza kuuliza, ila mpe swali lenye mchoro anabaki anakodoa macho tu. Basi nimeona niandike mara moja, atakayeuliza namtumia hii.

Nimelenga Darasa la Saba na walioingia Form One, ila hata wa Form Two anayekwama kwenye maumbo aanzie hapa, asione haya.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Penseli iliyochongwa, raba, rula, bikari, kipimapembe, na karatasi za kuchorachora (nyuma ya madaftari ya mwaka jana panatosha kabisa). Kikokotoo weka mbali, kwenye mtihani wa Darasa la Saba hakiingii na ukishakizoea utateseka.

Kipimapembe ni cha swali linalosema "chora" au "pima". Swali likisema "tafuta" au "kokotoa" usikiguse, maana michoro ya kwenye mtihani mara nyingi haijachorwa kwa vipimo halisi, pembe unayoiona kama nyuzi 60 inaweza kuwa 48.

Kichwani uwe na haya, sio mengi:

- Pembe zilizokaa kwenye mstari mnyoofu jumla yake ni nyuzi 180. Zinazozunguka nukta nzima ni 360.
- Mistari miwili ikikatana, pembe zinazotazamana ni sawa.
- Pembe za ndani za pembetatu yoyote jumla yake ni 180, za umbo lolote la pande nne ni 360.
- Pembetatu pacha ina pande mbili sawa, na pembe zake mbili za kwenye kitako ni sawa.
- Mistari sambamba ikikatwa na mstari mwingine: pembe zilizokaa kwenye umbo la Z ni sawa, za kwenye umbo la F ni sawa, za kwenye umbo la U jumla yake ni 180.
- Maeneo: mstatili ni urefu × upana. Pembetatu ni ½ × kitako × kimo. Msambamba ni kitako × kimo. Trapeza ni ½ × jumla ya pande mbili zilizo sambamba × kimo. Duara ni π × r × r, na mzingo wake ni 2 × π × r (r ni nusukipenyo).

Kama kuna moja hapo huijui simama kwanza ukaijue, ukiirukia hatua ya 4 itakuumbua.

Hatua ya 1: Soma swali mpaka nukta ya mwisho, pigia mstari kinachoulizwa

Wengi wanasoma nusu, wakiona neno "duara" tayari mkono unaandika π. Soma mpaka mwisho kisha pigia mstari kile wanachotaka, ni eneo au mzingo, ni kipenyo au nusukipenyo, ni x au ni pembe yenyewe.

Hilo la x linaua watu sana. Mfano: pembe za pembetatu ni x, 2x na 3x + 30, tafuta pembe kubwa. Unajumlisha unapata 6x + 30 = 180, yaani 6x = 150, x = 25. Mtu anaandika 25 anafunga kazi, na 25 kwenye machaguo IPO, mtunzi wa swali ameiweka makusudi. Kilichoulizwa ni pembe kubwa, 3 × 25 + 30 = 105.

Hatua ya 2: Chora upya, kubwa

Hata kama wamekupa mchoro, uchore tena kwenye karatasi yako uwe mkubwa kama kiganja. Ule wa kwenye pepa ni mdogo, ukianza kuandika namba ndani yake baada ya dakika moja huoni kitu. Na kama swali ni la maneno tu, hapo kuchora ni lazima.

Angalizo: wakisema "pembetatu ABC" bila kuongeza neno, usichore pembetatu yenye pande sawa wala yenye pembe mraba. Chora moja iliyopinda pinda haina umaalumu wowote. Ukichora nzuri sana macho yatakudanganya, utaanza kusema pande hizi ni sawa na hamna aliyekwambia hivyo.

Hatua ya 3: Weka kwenye mchoro kila ulichopewa, pamoja na kilichofichwa kwenye maneno

Namba walizokupa kila mtu anaziandika. Shida ni zile taarifa ambazo hazijaja kama namba, na mara nyingi ndo zinazofungua swali:

"Pembetatu pacha": weka alama ya kimstari kwenye pande mbili zilizo sawa, alafu weka alama moja kwenye pembe mbili zilizo sawa. Pembe zilizo sawa ni zile zinazotazamana na pande hizo, sio zozote tu.

"AB ni sambamba na CD": weka vimshale kwenye mistari yote miwili. Usipoviweka utasahau kutafuta Z na F.

"O ni kitovu cha duara": maana yake kila mstari kutoka O mpaka kwenye duara una urefu mmoja. Ukiwa na OA na OB ukaunganisha A na B, tayari una pembetatu pacha na hamna aliyekutamkia neno pacha.

"Duara limechorwa ndani ya mraba likigusa pande zote": kipenyo cha duara ni sawa na upande wa mraba.

"Msambamba": pande zinazotazamana ni sawa na ni sambamba, pembe zinazotazamana ni sawa.

Kijisanduku kidogo kwenye kona: nyuzi 90. Kuna watoto wanakiona kila siku na hawajui kazi yake, wanadhani ni pambo.

Hatua ya 4: Jaza pembe moja baada ya nyingine, hata ambazo hujaulizwa

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo kwa hiyo twende taratibu na swali moja. Chukua penseli uchore na wewe, ukisoma kwa macho tu hutapata kitu.

Swali: Pembetatu ABC ni pacha, AB = AC. Mstari BC umerefushwa mpaka D. Mstari CE ni sambamba na BA, na pembe ECD ni nyuzi 70. Tafuta pembe BAC.

Chora BC imelala, A juu katikati, D upande wa kulia baada ya C. Kutoka C chora mstari unaopanda kwenda juu kulia ukiwa umeinama sawasawa na BA, mwisho wake andika E. Weka vimshale kwenye BA na CE, weka vimstari kwenye AB na AC. Kati ya CE na CD andika 70.

Ukitazama BAC moja kwa moja huoni njia, na wengi wanakata tamaa hapo hapo kwa sababu wanataka kuruka kutoka 70 mpaka jibu kwa mara moja. Wewe usiitazame BAC kabisa. Jiulize tu: nikiwa na hii 70, pembe gani ya jirani naijua? BA na CE ni sambamba, BD inazikata zote mbili, hiyo ni F, kwa hiyo ABC = 70. Andika kwenye mchoro. Sasa nina ABC, je naijua nyingine? Pembetatu ni pacha kwa hiyo ACB = 70 pia. Andika. Tayari nina pembe mbili za pembetatu, ya tatu ni 180 − 140 = 40. BAC ni nyuzi 40.

Usiondoke bado. Angalia pale C pana pembe tatu zimepangana kwenye mstari mnyoofu BD: ACB ni 70, ECD ni 70, na ACE katikati. ACE na BAC ziko kwenye Z kwa hiyo ACE = 40. Jumlisha 70 + 40 + 70 = 180. Imekaa. Huo uhakiki umechukua sekunde kumi na sasa jibu lako hata mwalimu akisema umekosea unaweza kubishana naye kwa adabu.

Pembeni ya kila pembe andika sababu kwa kifupi, "F", "pacha", "mstari mnyoofu". Kwenye maswali ya kuonyesha njia alama ziko kwenye sababu hizo, na ukikosea mahali unarudi unaona wapi uliteleza.

Hatua ya 5: Sasa ndo uchague fomula, na uiandike kabla ya namba

Fomula unaichagua ukishajua umbo ni lipi na unatafuta nini. Kwa maswali ya eneo lenye kivuli hakuna fomula yake maalum, msihangaike kuitafuta. Jiulize tu: kivuli ni umbo gani ukitoa umbo gani? Au ni umbo gani ukijumlisha umbo gani?

Mfano ule wa duara ndani ya mraba, upande wa mraba ni sm 14, kivuli kiko kwenye zile kona nne. Kivuli = mraba − duara. Andika hivyo hivyo kwa maneno kwanza. Mraba ni 14 × 14 = 196. Duara: kipenyo ni 14, kwa hiyo r ni 7, 22/7 × 7 × 7 = 154. Kivuli ni 196 − 154 = sm² 42.

Sasa aliyeingiza 14 badala ya 7 anapata duara la 616. Duara limo ndani ya mraba wa 196 alafu eneo lake 616, yaani kilichomo ndani ni kikubwa mara tatu kuliko kilichokibeba! Bado utaona mtu anatoa 616 − 196 anapata 420 anasonga mbele bila wasiwasi. Kabla ya kuweka r popote jiulize: waliyonipa ni kipenyo au nusukipenyo?

Kuhusu π, tumia waliyokwambia utumie. Wasiposema, 22/7 inafaa r ikigawanyika kwa 7, ila kama r ni 10 basi 3.14 inakupunguzia mateso.

Nusu duara nayo ina mtego wake. Kipenyo sm 14, tafuta mzingo. Upinde ni nusu ya 2 × 22/7 × 7, yaani 22. Wengi wanaishia hapo. Mzingo ni kulizunguka umbo lote, na ukifika mwisho wa upinde bado una ule mstari wa chini kurudi ulipoanzia, kwa hiyo 22 + 14 = sm 36.

Trapeza kwa haraka: pande sambamba ni sm 8 na sm 14, kimo sm 4, pande za ubavuni sm 5 kila mmoja. Eneo ni ½ × 22 × 4 = sm² 44. Ukitumia ile 5 iliyolala unapata 55 na ndo hapo umeshakosa. Kimo siku zote ni kile kilichosimama wima juu ya kitako.

Hatua ya 6: Ukiona pembe mraba na urefu wa pande, fikiria Pythagoras

Upande unaotazamana na pembe mraba ndo mrefu kuliko yote, uite c. Wale wawili wanaoshika kona ni a na b. a² + b² = c². Basi.

Najumlisha au natoa? Kwanza mtafute c kwenye mchoro, mzungushie duara. Kama c ndo unayemtafuta, jumlisha. Kama c umeshapewa, toa. Ngazi ya mita 13 imeegemea ukuta, mguu wake uko mita 5 kutoka ukutani, imefika juu kiasi gani? Ukuta na ardhi ndo vinashika kona, ngazi inaitazama kona, kwa hiyo ngazi ni c. 169 − 25 = 144, kipeuo chake cha pili ni 12. Mita 12. Aliyejumlisha anapata 194, ambayo haina hata kipeuo cha pili kinachoeleweka, na zaidi ya hapo ukuta wake ungekuwa mrefu kuliko ngazi iliyouegemea.

Shika hizi tatu tatu, zinarudi kila mwaka: 3, 4, 5. Kisha 5, 12, 13. Kisha 8, 15, 17. Na 7, 24, 25. Zikizidishwa bado zinafanya kazi, 6, 8, 10 ni ile ya kwanza mara mbili. Nenda hata kwenye saiti ya ujenzi uangalie mafundi wakipiga kona ya msingi, wanapima futi 3 upande huu na futi 4 upande ule, kati ya alama mbili pakisoma futi 5 kamili kona iko mraba, isiposoma wanasogeza kamba.

Hatua ya 7: Vizio, kisha ulize jibu kama lina akili

Kabla ya kuzidisha chochote vizio viwe vya aina moja. Sakafu ya mita 4 kwa mita 3, vigae vya sm 20 kwa sm 20, vinahitajika vingapi? Geuza sakafu kwanza: sm 400 kwa sm 300, eneo ni 120,000, kigae kimoja ni 400, jibu ni vigae 300. Sasa kuna anayesema eneo ni m² 12, mita moja ni sm 100, basi ni sm² 1,200, gawanya kwa 400 anapata 3. Vigae vitatu sebule nzima! Mita moja ya mraba ni sm² 10,000, kwa sababu ni 100 × 100.

Alafu tazama jibu lako kwa jicho la kawaida. Pembe kali haiwezi kuwa 110. Upande wa pembetatu hauwezi kuzidi pande mbili zilizobaki zikijumlishwa.

Ukikwama

*Nimejaza kila kitu bado sioni njia.* Pengine mchoro unahitaji mstari ambao swali halikuchora, na unaruhusiwa kuuongeza, hamna atakayekukamata. Iko mistari mitatu ya kujaribu kwanza. Wa kwanza ni kimo: pembetatu pacha yenye pande 13, 13 na kitako 10, eneo lake? Shusha kimo kutoka juu, kinagawa kitako 5 na 5, unaona 5, 12, 13 imejitokeza, kimo ni 12 na eneo ni ½ × 10 × 12 = 60. Wa pili ni nusukipenyo: unganisha kitovu na kila nukta iliyo kwenye duara. Kama pembe AOB ni 130 na unatafuta OAB, OA na OB ni sawa, (180 − 130) ÷ 2 = 25. Wa tatu ni mstari sambamba: AB na CD ni sambamba, zote zinaelekea kulia, E iko kati yake upande wa kulia, BAE ni 35 na DCE ni 50, tafuta AEC. Pitisha mstari kwenye E ulio sambamba na hizo mbili, unapata Z ya juu na Z ya chini, 35 + 50 = 85.

*Jibu langu halipo kwenye machaguo.* Usirudie hesabu yote. Angalia kwanza kipenyo na nusukipenyo, kisha vizio, kisha ile ½ ya pembetatu, makosa mengi yamo humo. Hapo ikiwa bado ndo urudie kuzidisha. Usichague "linalokaribiana", kwenye hesabu hamna jirani.

*Nimepata x ni hasi au pembe imezidi 180.* Umeandika mlinganyo kutoka kwenye mchoro uliosomwa vibaya, mara nyingi umechukulia pembe mbili ni sawa kumbe jumla yake ni 180. Rudi kwenye Z, F na U. U ndo inayochanganya.

*Swali halina mchoro na sielewi herufi.* Pembe ABC iko kwenye B, herufi ya katikati siku zote ndo kona. Na umbo ABCD linasomwa kwa kuzunguka, A kisha B kisha C kisha D, usiruke.

*Fomula zinanitoka nikiwa kwenye chumba cha mtihani.* Ukikabidhiwa pepa na ukaruhusiwa kuanza, ziandike pembeni kabla hujasoma swali la kwanza.

*Mzazi: nimsaidieje na mimi hesabu nilishaziacha?* Usimpe jibu. Muulize tu "umejuaje?" kila anapoandika pembe. Akishindwa kusema sababu, hapo hapo ndo pa kurudia, na wewe hukuhitaji kujua hesabu yoyote.

Matatu ya kujipima

1. Nusu duara lina kipenyo cha sm 28. Tafuta mzingo wake.
2. Pembetatu pacha ina pande sm 10, sm 10 na kitako sm 12. Tafuta eneo.
3. Urefu wa mstatili umezidi upana kwa sm 4, na mzingo wake ni sm 40. Tafuta eneo.

Majibu: la kwanza ni sm 72, la pili ni sm² 48, la tatu ni sm² 96. Ukipata 44 kwenye la kwanza umesahau mstari wa chini, rudi hatua ya 5. Ukipata 60 kwenye la pili umetumia upande uliolala badala ya kimo. Ukipata 8 kwenye la tatu, huo ni upana tu, rudi hatua ya 1.